Mama anakuja na magoti yake: foleni za Disney tutazipanga vipi na skuta?

Likizo zikikaribia maswali ya safari yanaongezeka, na mwezi huu manne yamegusa kitu kimoja, zile skuta za umeme za kukalia zenye kikapu mbele, na foleni za michezo kwenye yale mabustani makubwa ya burudani. La kwanza nimelijibu kwa urefu manake njia hiyo nimeipita mwenyewe na mama yangu mzazi, na ningefurahi sana kama kuna mtu angeniambia haya kabla sijatoka nyumbani.

SWALI: Shikamoo dada. Naishi Atlanta, mama yangu anakuja mwezi wa saba kutoka Tanga, ana miaka 68, magoti yamemchoka, anatembea vizuri tu ila akifika mita kama mia mbili anaanza kutafuta pa kukaa. Wanangu wanataka twende na bibi yao Disney ya Florida. Rafiki yangu kaniambia nikodi skuta, eti ukiwa na skuta mnapitishwa mbele foleni zote, familia nzima. Ni kweli? Na nikodi wapi? Alafu mama mwenyewe nimemgusia kwenye simu akasema yeye si kilema, hapandi kigari mbele za watu. Nifanyeje? (Binti wa Chumbageni)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na mama akifika mpe salamu zangu.

Nianze na foleni, manake hapo ndo siku nzima inaweza kuharibika. Rafiki yako hajakudanganya kwa makusudi ila habari yake ni ya zamani. Pale Walt Disney World siku hizi, kwenye michezo mingi, mwenye skuta anapanga foleni ile ile na watu wengine, anasogea nao mdogo mdogo mpaka mwisho. Zamani ilikuwa tofauti kwa sababu Disneyland ya kwanza, ile ya California, ilifunguliwa 1955, na Magic Kingdom, bustani ya kwanza ya Disney kule Florida, 1971, na foleni za enzi hizo zilikuwa na ngazi na kona za kubana, kiti mwendo hakipiti, kwa hiyo mwenye kiti alikuwa anaingizwa kwa mlango wa kutokea na kweli alikuwa anapanda haraka. Baadae ikaja kadi ya msaada kwa wageni, watu wakaichezea, mpaka 2013 magazeti ya Marekani yakaandika kuhusu matajiri wanaokodi mtu mwenye ulemavu ili awapitishe mbele, na Oktoba mwaka huo huo Disney wakaifuta ile kadi wakaleta mpango wanaouita DAS, yani Disability Access Service, unapewa muda wa kurudi badala ya kusimama kwenye foleni. Na huo DAS nao 2024 wameubana, sasa hivi umelenga watu wenye hali kama usonji ambao foleni ndefu hawawezi kabisa kuistahimili, na unaongea nao kwa video kwanza ndo wakukubalie. Magoti hayamo. Ukiwauliza kuhusu magoti watakuambia skuta au kiti mwendo ndo msaada wenyewe, foleni zao nyingi zimeshapanuliwa magurudumu yapite. Kuna njia ya kulipia foleni fupi, inaitwa Lightning Lane, lakini hiyo ni ya yeyote mwenye hela, haihusiani na ulemavu.

Na mi sioni kama hapo mama kanyimwa kitu. Shida yake ni kusimama, na kwenye skuta hasimami. Mama yangu siku ile alikuwa ndo mtu aliyestarehe kuliko sote, sisi tunabadilisha mguu huu na huu, yeye amekaa, maji yake kwenye kikapu, mjukuu mmoja kaegemea bega lake anamuuliza habari za nyumbani, na ile saa nzima ya foleni ndo wamezungumza kuliko wiki mbili zote alizokaa kwangu.

Sasa kitu cha kukushughulisha wewe ni mwisho wa foleni. Pale mama anapotoka kwenye skuta kwenda kwenye kiti cha mchezo. Hapo ndo watu wanapotahayari, na ukipanga hapo vizuri mengine yote yatajipanga.

Michezo haifanani. Kuna ambayo unaingia na skuta yako hivo hivo, hasa maonyesho ya ukumbini, kwa mfano Carousel of Progress pale Magic Kingdom, mama haamki kabisa. Kuna ambayo skuta inabaki nje lakini kiti mwendo cha kusukuma kinaingia mpaka ndani ya chombo, it's a small world wana boti zenye nafasi ya kiti, Jungle Cruise vile vile. Alafu kuna ile ambayo hata kiti kinabaki, lazima ahame yeye mwenyewe, Pirates of the Caribbean anashuka ndani ya boti, Haunted Mansion viti vinatembea bila kusimama na wewe unapandia kwenye mkanda unaotembea (waombe wapunguze mwendo au wasimamishe kidogo, wanafanya, wala usione haya kuomba), na Space Mountain anakaa chini kabisa miguu imenyooka, kuinuka pale kwa magoti mabovu ni kazi kweli kweli, hiyo mi ningemwachia baba na watoto. Kila mchezo kwenye ramani na kwenye apu yao una alama inayosema uko kundi gani. Kaa usiku mmoja na simu yako, chagua michezo sita au saba ya bibi, na kila mmoja jiulize ni hatua ngapi kutoka kiti hiki mpaka kile, kuna kidato cha kupanda au cha kushuka, na kuna cha kushika.

Nikuonyeshe ilivyokuwa kwetu. Animal Kingdom, bustani nyingine ya Disney hapo hapo Florida, ile iliyofunguliwa 1998, ina sehemu ya Afrika na humo wamejenga kijiji cha kubuni wakakiita Harambe, kuta zimepauka kama za mji wa pwani na mabango ya Kiswahili kila upande. Mama anaendesha pole pole anasoma kwa sauti. Tamu Tamu. Kusafiri. Mombasa Marketplace. Alipofika kwenye bango la Dawa Bar akasimamisha skuta kabisa akaniuliza, hapa wanauza dawa gani mwanangu? Nikamwambia mama, hiyo si ya magoti. Alicheka mpaka akafuta machozi na ncha ya kanga. Mbele kidogo ndo kuna Kilimanjaro Safaris, gari kubwa la wazi linalozungusha watu kama dakika 20 kuangalia twiga na viboko na simba wa kweli, na pale skuta haipandi. Mfanyakazi akaja akauliza kwa adabu kama anaweza kuhamia kiti cha kusukuma, akakileta, akainua vile vikanyagio vya miguu. Mama akasimama, akageuka kukaa, alafu akakwama. Ukingo wa kanga umeingia kwenye gurudumu la nyuma la skuta na umejisokota kwenye ekseli. Nikapiga magoti chini, watu nyuma yetu wanasubiri, nikaanza kurudisha gurudumu kinyume kidogo kidogo huku navuta kitambaa, dakika mbili tatu lakini mi niliona saa nzima, na mama juu yangu ananiambia pole pole usiichane, hii alininunulia baba yako. Ikatoka na alama nyeusi ya grisi, haijachanika. Kiti kikapandishwa kwenye gari lenye nafasi yake, kikafungwa kisitembee, na twiga wa kwanza alipotokea mama aliwapungia mkono kama anawafahamu.

Kwa hiyo kanga, buibui, dera, chochote kirefu, akiwa kwenye skuta kipandishe mapajani na ukikunje chini ya paja pande zote mbili kabla ufunguo haujageuzwa. Kanga ya pili ifunge kiunoni, usiiache ining'inie.

Jambo jingine ambalo watu wetu hawalifikirii mpaka wafike. Wafanyakazi wa Disney hawamnyanyui mgeni wala hawambebi, na usitegemee watakusaidia kusukuma kiti. Atakayemshika mama ni mtu wenu. Sasa mume wako ni mkwe wake. Utamwambia amshike mama mkwe kiunoni mbele ya umati? Wengine hawana shida, lakini wengi wetu hapo heshima inaleta uzito na mama anaweza kukataa mchezo mzima kwa sababu hiyo tu wala hatakuambia sababu. Basi ujifunze wewe. Mazoezi mfanye nyumbani, kiti cha jikoni na kochi, yeye anasogea ukingoni, miguu imekanyaga sawasawa, mguu wenye nguvu ndo unatangulia upande wa anakohamia, anashika kitu kisichotembea, wewe unasimama mbele yake kidogo pembeni na mkono wako uko nyuma kwenye mbavu, si kumvuta kwapa, kwapa linaumia. Mara kumi hivi kwa siku mbili tatu. Mume wako kazi yake iwe kusukuma kiti na kupaki skuta.

Kukodi. Ndani ya bustani wanakodisha zao, zaidi ya dola 50 kwa siku, anayewahi ndo anapata, na haitoki nje ya ile bustani, kwa hiyo kutoka maegesho mpaka getini mama bado anatembea na jioni amechoka hivo hivo anatembea tena, na ukihamia bustani ya pili unaanza upya. Kampuni za nje zinakuletea hotelini, inalala na nyie, inachajiwa usiku, kwa siku tatu au nne inatoka nafuu na mama anaitumia mpaka kwenda kula. Mi nashauri ya nje. Ila uliza vipimo, Disney hawaruhusu iliyozidi inchi 36 upana na inchi 52 urefu, hiyo ni kama sentimita 92 kwa 132, na dereva awe na miaka 18 kwenda juu, kwa hiyo mtoto haendeshi hata akilia. Uliza pia umri wa betri. Sisi kuna safari nyingine, bustani nyingine kabisa, tulikodi kwa kampuni fulani, taa ya betri ilionyesha kijani asubuhi nzima, saa tisa mchana ikaruka nyekundu ikazima katikati ya foleni yenye kona, mbele watu, nyuma watu. Ukiachia mkono skuta inajifunga breki yenyewe, kwa hiyo ikizima haisukumiki, ni kama gogo. Kuna wenzo mdogo nyuma karibu na gurudumu, ukiusukuma injini inaachia na skuta inasukumika kwa mkono. Nilikuwa siujui. Baba mmoja wa Kimarekani ndo alituonyesha, akainama akaubonyeza kwa kiatu, Mungu ambariki. Wewe siku unaipokea mwambie aliyeileta akuonyeshe huo wenzo kabla hajaondoka, uubonyeze wewe mwenyewe kwa mkono wako.

Kuendesha ndani ya foleni kuna utaratibu wake. Kwenye usukani kuna kitufe cha mwendo, upande mmoja kuna picha ya kobe na upande mwingine sungura. Foleni ni kobe mwanzo mwisho. Kidole gumba kikikandamiza kwa woga skuta inaruka na mbele yake kuna kisigino cha mtu, na kisigino kikigongwa na kile chuma kinauma vibaya. Mtu wenu mmoja atangulie mbele ya skuta, mkubwa si mtoto, manake ukiacha nafasi ya usalama wageni wanadhani ni nafasi wazi wanaingia. Mwingine akae nyuma, kwenye kona za kurudi nyuma aangalie. Skuta ya magurudumu matatu inakata kona vizuri, ya manne inatulia zaidi na ndo ningempa mama mgeni wa kuendesha, akwamapo kwenye kona arudi nyuma kidogo akate tena, asikimbilie. Mjukuu asikae mapajani hata kama ni mzuri wa picha. Na mkiiacha nje ya mchezo mtaikuta katikati ya skuta thelathini zinazofanana, wafanyakazi wanazisogeza pia, basi funga kipande cha kanga kwenye usukani na uchukue ufunguo. Mwezi wa saba Florida mvua za mchana ni karibu kila siku, mfuko wa plastiki wa kufunika usukani na kiti usikose.

Sasa mama kusema hapandi kigari. Hapo usimlazimishe kwenye simu na usimwambie eti amezeeka. Kwetu mtu akionekana kwenye kiti cha magurudumu kesho mtaa mzima unajua kuwa fulani amepooza, ndo kinachomwogopesha, si skuta. Mi nilimpeleka mama duka kubwa la vyakula kwanza, yale yana vigari vya umeme vya bure karibu na mlango, nikamwambia tunanunua vitu vingi leo kaa humo ubebe kikapu. Alikaa. Alizunguka duka zima, akachagua ndizi mwenyewe, kitu ambacho tangu aje alikuwa anasubiri kwenye gari. Wakati wa kurudi aliniuliza yeye, hiki huko Disney kipo? Mpe mama nafasi ya kuuliza yeye. Na ufunguo ukae kwake, usimwendeshee, usimshikie usukani, akitaka kuingia duka la kofia aingie.

SWALI: Sasa dada. Mimi ni wa Nairobi nakaa Orlando, na hizi park naenda kila mara. Jumamosi nilikuwa kwa laini dakika 70, nikaona familia iko na scooter inaingia mlango wa kando, na yule mzee akashuka akatembea vizuri tu. Si hii ni kutuchezea? Haki iko wapi? (Msimamaji)

JIBU: Kaka, dakika 70 kwenye jua la Orlando najua zinavyochoma, na hasira yako siidharau. Lakini hebu nikupeleke nyuma ya ule mlango.

Pale ambapo foleni ya zamani haipitiki kwa magurudumu, wanampa yule mzee muda wa kurudi, na huo muda unahesabiwa kwa urefu wa foleni ya wakati ule. Ikiwa yako ni dakika 70 na yeye anaambiwa arudi baada ya kama dakika 70. Amezikaa mahali pengine, kwenye benchi, hukumwona. Wewe umemwona dakika ya mwisho tu anapoingia. Na akishaingia hajamaliza, manake anasubiri chombo chenye nafasi yake. it's a small world si kila boti ina nafasi ya kiti mwendo, ikipita boti ya kawaida anaiangalia inapita, ikipita ya pili anaiangalia, na mbele yake kama kuna familia mbili zenye kiti basi anakaa hapo mpaka ile boti iende imzungushe mtu irudi, mara mbili. Nimesubiri pale na mama zaidi ya watu tuliowaacha kwenye foleni ya kawaida. Disneyland Paris wanapunguza pia idadi ya wageni wenye ulemavu wanaokuwa kwenye mchezo mmoja kwa wakati mmoja kwa sababu ya usalama, wakihitajika kutolewa haraka, kwa hiyo unaweza kuwa wa tatu pale mlangoni na ukasubiri mizunguko yote ya walio mbele yako.

Na hilo la kushuka akatembea vizuri. Hapa naomba unisikilize sana. Watu wengi wanaotumia skuta wanaweza kutembea. Mwenye moyo dhaifu, mwenye mapafu, mwenye baridi yabisi, mwenye nyonga ya chuma, hatua kumi anazo, hatua elfu kumi hana, na siku moja kwenye yale mabustani unatembea kilomita nyingi bila kujua. Zile hatua kumi amezitunza kwa ajili ya pale mlangoni. Mama yangu alishawahi kusikia maneno hayo hayo mgongoni, kijana mmoja kwenye foleni akamwambia mwenzake kwa Kiingereza tazama, huyu anatembea, na mama Kiingereza anakielewa, alifundisha shule miaka mingi. Hakusema kitu. Mchezo uliofuata alikataa kushuka, akasema nendeni nyie mi nawalindia mikoba, na siku yake ikaishia hapo, saa nane mchana, baada ya kuvuka bahari nzima kuja kukaa na wajukuu zake. Sasa kaka yangu, ukimwona mzee anashuka akatembea, ujue unaangalia kile kidogo alichobakiza.

Kama kuna wanaodanganya? Wapo, na kile kisa cha 2013 nimekieleza hapo juu. Lakini kwa macho huwezi kuwajua, na ukikosea unamkosea mama wa mtu.

SWALI: Habari za kazi. Niko Leicester, nina skuta yangu mwenyewe ile ndogo ya kupita kwenye pevimenti, nina matatizo ya uti wa mgongo. Shule ya watoto ikifunga nataka niwapeleke Alton Towers. Utaratibu wao ni kama wa Marekani? Na wataniomba vyeti? (Baba Wawili)

JIBU: Nzuri kaka. Uingereza ni tofauti, na kwa hali yako nadhani ni afadhali. Alton Towers wana kitu kinaitwa Ride Access Pass, ni cha mtu ambaye kwa ulemavu wake hawezi kukaa kwenye foleni ya kawaida. Unaingia kwa mlango maalum, na ule muda wa foleni ya huo mchezo unahesabiwa kwako, huwezi kutumia pasi kwenye mchezo mwingine mpaka muda huo uishe. Yani foleni unaipanga lakini ukiwa kivulini unakunywa chai. Ndio, wanaomba uthibitisho, na siku hizi wanataka Access Card ya kampuni ya Nimbus, ambayo unaiomba kwa intaneti na kuambatanisha karatasi za hospitali au za benefiti, inakuja na alama zinazoeleza shida yako, ikiwemo hiyo ya kusimama kwenye foleni. Iombe wiki kadhaa kabla, usisubiri shule ifungwe manake kila mzazi anaomba wakati huo. Pasi yenyewe pia iombe kabla ya siku ya safari.

Mambo mawili ya pale. Alton Towers iko Staffordshire kwenye viwanja vya jumba la kale na ardhi yake ni milima na mabonde, skuta ndogo kama yako inayokwenda maili 4 kwa saa itafika ila betri itakula haraka kuliko unavyozoea Leicester mjini, kwa hiyo chaji ijae kabisa na panga michezo kwa maeneo, usivuke bustani mara tatu. La pili, rola kosta zao nyingi zinataka uweze kupanda au kushuka ngazi wakisimamisha mchezo juu kwa dharura. Kwa mgongo wako hilo lifikirie kwa ukweli, uliza kila mchezo pale ofisi ya wageni asubuhi kabla hujaanza kupanga chochote na watoto, usije ukawaahidi alafu mkarudishwa mlangoni. Sheria ya usawa ya 2010 inawalazimisha wakufanyie marekebisho yanayowezekana, kwa hiyo kuuliza ni haki yako, huombi hisani.

SWALI: Dada mi niko Dar, Sinza. Nina skuta yangu nimeletewa na ndugu, mwakani naenda Orlando kwa mwanangu. Naweza kupanda nayo ndege au nikodi huko huko? (Mama Sinza)

JIBU: Unaweza mama yangu, na shirika la ndege halitakiwi kukutoza wala kuihesabu kama begi. Lakini watataka kujua betri ni ya aina gani, ndo swali lao la kwanza. Zile nzito zilizozibwa, za jeli, kwa kawaida hazina mgogoro, zinabaki kwenye skuta zikiwa zimezimwa. Ya lithiamu ile inayochomolewa inachomolewa na unaingia nayo ndani ya ndege, haitakiwi kuzidi wati-saa 300, namba imeandikwa kwenye lebo ya betri yenyewe, piga picha ya hiyo lebo uwe nayo kwenye simu. Wapigie angalau saa 48 kabla, uwape uzito, urefu, upana na kimo, na kwa kuwa utaunganisha ndege uwaulize kuhusu kila ndege si ile ya kwanza tu, mlango wa mizigo wa ndege ndogo unaweza kuikataa. Waambie unaitaka pale mlangoni pa ndege ukishuka, isipelekwe kwenye mkanda wa mabegi. Vua kikapu, ufunguo na mto wa kiti uingie navyo ndani, vikibaki kwenye skuta vinapotea. Bandika karatasi kwenye usukani yenye mchoro wa ule wenzo wa kuachia breki, wapakiaji wasipoujua wataiburuza.

Na chaja geuza nyuma usome. Nyumbani umeme ni volti 230, Marekani ni 120. Ikiwa imeandikwa 100 mpaka 240 inatosha kubadilisha plagi tu, ikiwa imeandikwa 230 peke yake mwanao akutafutie chaja ya huko kabla hujafika, la sivyo utafika na skuta nzima isiyochajika na hapo ndo utakodi kweli.